Mkanda, Karatasi na Mkono wa Msomaji: Uhakiki wa Fani ya Vijarida vya Picha-Hadithi kwa Kurejelea Mkusanyo wa Mgololo, Mufindi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki fani ya vijarida vya picha-hadithi vya Kiswahili kwa kuzingatia vitu viwili ambavyo uhakiki wa fasihi pendwa huvipita haraka: mkanda wa kamera na karatasi ya kuchapia. Data zimetokana na mkusanyo mdogo wa vijarida uliopo Mgololo, wilayani Mufindi, mahojiano na mwenye mkusanyo huo, na jaribio la mtafiti la kupiga picha-hadithi fupi kwa kamera ya mkanda. Hoja kuu ni kwamba sifa mbili zilizozoeleka kuhesabiwa kuwa udhaifu wa kisanaa, yaani ukakamavu wa wahusika na maelezo yanayorudia kile kinachoonekana, ni majibu ya wasanii kwa mipaka ya vifaa vyao. Hata hivyo, makala yanaonesha pia kwamba mipaka hiyo haitoshi kutetea kila kasoro, na yanapendekeza namna ambavyo mhakiki anaweza kupambanua kati ya kasoro ya chombo na kasoro ya msanii.

1.0 Utangulizi

Faraji H. H. Katalambulla anafahamika kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kama mwandishi wa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1965. Katika mihadhara ya riwaya pendwa aliyohudhuria mtafiti, Inspekta Wingo alijadiliwa kwa kina. Hata hivyo, haikutajwa hata mara moja kwamba mwandishi huyohuyo alichapisha Film Tanzania, jarida la hadithi zilizosimuliwa kwa picha za kamera. Humo waigizaji walipigwa picha tukio baada ya tukio, kisha maneno machache ya mazungumzo na maelezo yakapangwa juu ya picha hizo. Msomaji alifuata kisa kwa jicho kama anayetazama sinema iliyosimamishwa.

Jarida hilo halikuzuka katika ombwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasomaji wa Afrika Mashariki na Afrika Magharibi walikuwa tayari wamemzoea Lance Spearman, mpelelezi wa jarida la African Film lililotolewa kwa Kiingereza na kampuni ya Drum. Baadaye, mwaka 1978, lilianzishwa jarida la Sani, ambalo liliwapa wasomaji wa Kiswahili visa vya katuni zilizochorwa kwa mkono. Picha-hadithi ya Kiswahili imekaa kati ya majirani hao wawili: sinema ya kigeni iliyoigwa kwa upande mmoja, na katuni ya nyumbani kwa upande mwingine.

Katika makala haya, istilahi kijarida cha picha inatumika kwa maana ya chapisho dogo, lenye kurasa chache, linalotolewa na mtu mmoja au kikundi kidogo, ambamo picha ndiyo msimulizi mkuu. Kwa fasili hiyo, African Film linabaki pembeni kwa kuwa lilikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Limetajwa hapa kwa sababu ndilo lililowafunza wasomaji wengi namna ya kusoma utanzu huu.

2.0 Mkusanyo na Mahali Pake

Mkusanyo unaojadiliwa umehifadhiwa katika sanduku la bati nyumbani kwa mzee mmoja, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Kiwanda hicho kilianza uzalishaji mwaka 1985 kwa lengo la kuiwezesha nchi kujitengenezea karatasi kutokana na misindano ya msitu wa Sao Hill. Baadaye kilisimama, kikabinafsishwa mwaka 2004, na leo hutengeneza zaidi karatasi za vifungashio. Vijarida vilivyomo sandukuni ni vya zamani kuliko kiwanda chenyewe. Mzee alivinunua akiwa kijana, akavibeba kutoka mjini hadi Mgololo alipopata ajira. Vingi havina jalada. Vingine vimebaki kurasa za katikati tu kwa kuwa zile za nje ziliraruka, au, kama alivyosema mwenyewe bila uchungu, ziliishia kufungia karanga.

Mahali hapa pana umuhimu wa kiuhakiki. Mgololo ni mji ambao watu wake wengi waliijua karatasi kabla haijaandikwa kitu. Mtafiti alipofungua kijarida cha kwanza na kuanza kusoma kisa, mzee aliushika ukurasa kwa vidole viwili, akausugua, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, ndipo akasema: “Mwanangu, wewe unatazama watu. Mimi natazama wino ulivyokunywewa. Karatasi hii ni ya magazeti, haina nguvu ya kubeba picha ya uso mweusi.” Kauli hiyo ndiyo iliyobadili mwelekeo wa utafiti. Katika rasimu ya kwanza mtafiti alikuwa ameandika kwamba wapiga picha wa vijarida hivi hawakujali nyuso za wahusika wao. Maelezo ya mzee yalilazimu dai hilo lichunguzwe upya.

3.0 Mkabala wa Uhakiki

Gérard Genette, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu vizingiti vya matini, alibainisha kwamba jalada, kichwa, dibaji na tanbihi humwelekeza msomaji namna ya kuipokea kazi. Mkabala huo una manufaa hapa kwa sababu unampa mhakiki ruhusa ya kutazama nje ya kisa. Hata hivyo, vizingiti vya Genette ni vile vilivyowekwa na mwandishi au mchapishaji. Katika mkusanyo wa Mgololo kuna vizingiti vya aina nyingine: vile vilivyoachwa na mkanda, na karatasi, na wasomaji waliokiazima kijarida. Makala haya yanaupanua mkabala huo ili uvijumuishe. Msingi wa upanuzi huo ni kwamba katika chapisho linalosimulia kwa picha, ubora wa picha ni sehemu ya lugha ya usimulizi, kama ambavyo uteuzi wa msamiati ni sehemu ya lugha ya riwaya.

4.0 Mkanda na Ukakamavu wa Wahusika

Lawama ya kwanza dhidi ya picha-hadithi ni kwamba wahusika wake wamekakamaa. Mwizi anayekimbia anaonekana amesimama na mguu mmoja mbele. Mpelelezi anayepiga ngumi ameunyoosha mkono kama anayeelekeza njia. Katuni haina kasoro hiyo, kwani mchoraji anaweza kumrusha mhusika juu ya paa usiku wa manane bila gharama yoyote zaidi ya wino.

Ili kuipima lawama hiyo, mtafiti alitumia kamera ya Pentax K1000 na mkanda mmoja mweusi na mweupe wenye nafasi 36. Alipanga kisa kifupi cha kijana anayepoteza mshahara wake njiani, akawaomba vijana watatu wa Mgololo waigize. Matokeo yake yanaweza kuelezwa katika mambo matatu.

Mosi, mkanda una hesabu. Kisa kilihitaji picha 24, hivyo zilibaki nafasi 12 tu za kurudia pale mtu alipofumba macho au kucheka. Kufikia tukio la nne, waigizaji wenyewe walikuwa wamejifunza kutulia kabla ya kilango cha kamera kubofywa, kwa kuwa waliona mtafiti akihesabu kwa sauti. Pili, mwanga wa Mgololo ni haba. Asubuhi ukungu hukaa hadi saa nne, na ndani ya nyumba mwanga wa balbu moja hulazimisha kamera kuacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi. Mhusika anayesogea katika muda huo hugeuka moshi. Tatu, hakuna kuona kilichopatikana. Hapakuwa na mahali pa kusafishia mkanda Mgololo, hivyo ulipelekwa Dar es Salaam, na majibu yakasubiriwa kwa majuma matatu. Uliporudi, picha zote ambazo waigizaji walikimbia kwa kweli zilikuwa hazifai. Zilizofaa ni zile walizojifanya wanakimbia.

Kwa hiyo, ukakamavu ni kanuni ya utanzu inayotokana na chombo. Mwigizaji wa picha-hadithi hachezi tukio. Anasimama katika alama ya tukio, na msomaji aliyezoea hukamilisha mwendo akilini. Kanuni hiyo haiko mbali na ile ya jukwaani, ambapo hatua tatu za mwigizaji huweza kusimama badala ya safari ya siku nzima. Hakuna mhakiki anayemlaumu mwigizaji wa jukwaani kwa kutotembea siku nzima. Mhakiki wa picha-hadithi anapaswa kumtendea mwigizaji wake haki hiyohiyo.

5.0 Karatasi na Maneno Yanayorudia Picha

Lawama ya pili ni ya kimtindo: maneno hurudia kile ambacho picha imekwisha kusema. Katika kijarida kimoja kisicho na jalada, picha inamwonesha mwanamke mlangoni, na maelezo yanasema kwamba mwanamke amesimama mlangoni akiwa na huzuni. Mtafiti aliandika pembeni mwa rasimu yake kwamba huu ni uradidi usio na tija.

Hapa ndipo kauli ya mzee inapofanya kazi. Ili picha ichapike, huvunjwa kwanza kuwa vitone vidogo vya wino, vikubwa penye kivuli na vidogo penye mwanga. Karatasi ya magazeti hunyonya, hivyo kila kitone huvimba kidogo baada ya kugusa ukurasa. Penye mwanga uvimbe huo haudhuru sana. Penye rangi nzito vitone huungana, na tofauti ndogo za weusi hupotea. Uso mweusi uliopigwa picha karibu na shati jeupe unapata hasara mara mbili: kwanza kwenye mkanda, ikiwa mpiga picha alipima mwanga kwa kufuata shati, na pili kwenye karatasi. Mtafiti alipoutazama ukurasa ule kwa kioo cha kukuzia, aliona mlango, khanga na mkono. Uso ulikuwa doa jeusi lenye ncha mbili za mwanga machoni. Huzuni inayotajwa na maelezo haionekani popote pengine ukurasani.

Basi maneno yale hayarudii picha. Yanabeba kile ambacho picha ilikuwa nacho mezani kwa mhariri na ikakipoteza mtamboni. Mhariri aliyeijua karatasi yake alijua kwamba huzuni haitafika kwa msomaji isipokuwa kwa herufi, akaiandika. Tunaposoma ukurasa kama huo katika nakala ya kielektroniki iliyoongezwa mwanga kwa programu, tunaweza kudhani kwamba uso ulikuwa ukionekana tangu mwanzo, na hapo uamuzi wa mhariri hugeuka kosa machoni petu. Jambo hili linazihusu moja kwa moja hifadhi za kielektroniki za vyuo vikuu, ikiwemo hii ambamo makala haya yanasomwa: nakala safi kupita kiasi inaweza kumpotosha mhakiki kuliko ukurasa uliochakaa.

6.0 Ulinganisho: Ukungu Unaosifiwa na Ukungu Unaolaumiwa

Katika miaka ileile ambayo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakisoma Lance Spearman, kikundi kidogo cha wapiga picha na waandishi mjini Tokyo kilitoa kijarida kilichoitwa Provoke. Yalitoka matoleo matatu tu, kati ya mwaka 1968 na 1969. Picha za Takuma Nakahira na Daido Moriyama zilizochapishwa humo zina chembechembe, zimetikisika, na nyingine hazikulengwa sawasawa. Historia ya upigaji picha imezipokea kama mapinduzi ya kimtindo, na wakusanyaji huyatafuta matoleo hayo kwa gharama kubwa.

Swali la kiuhakiki ni hili: kwa nini uso uliozama katika weusi uitwe mtindo Tokyo, na uitwe uzembe Dar es Salaam? Jibu rahisi ni upendeleo wa wahakiki, na jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini halitoshi. Wapiga picha wa Provoke walikuwa na uwezo wa kupata picha safi, wakaukataa kwa makusudi kwa kuwa walitilia shaka usafi wenyewe. Mpiga picha wa kijarida chetu aliutaka uso uonekane. Kumwita mwanamapinduzi wa ukungu ni kumsifu kwa jambo ambalo hakulikusudia, na sifa ya namna hiyo humfuta msanii sawasawa na lawama. Heshima anayostahili ni ya aina nyingine: kutambuliwa kwa uamuzi alioufanya baada ya kujua kwamba uso hautaonekana.

7.0 Mipaka ya Utetezi

Hoja iliyotolewa inaweza kutumiwa vibaya. Ikiwa kila udhaifu utasingiziwa mkanda na karatasi, uhakiki utakuwa umekoma. Inahitajika kanuni ya kupima, na makala haya yanapendekeza kwamba kazi ilinganishwe na kazi nyingine zilizofanywa chini ya mipaka ileile au inayokaribiana.

Ulinganisho huo haututoi nje ya Afrika Mashariki. Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, ilifanya kazi kwa vifaa vya enzi hizohizo na wateja wa rangi zote za ngozi. Nchini Uganda, Musa Katuramu wa Mbarara alipiga picha za majirani na marafiki zake kwa mwanga wa jua, na mradi wa History in Progress Uganda ukazitoa katika mfululizo wa vitabu vidogo uitwao Ebifananyi, neno la Kiganda lenye mzizi uleule wa fanana tulio nao katika Kiswahili. Ni kweli kwamba picha hizo hazikutegemea karatasi ya magazeti. Lakini kwa upande wa mkanda zinathibitisha kwamba uso mweusi uliweza kupimiwa mwanga wake vizuri. Kwa hiyo, pale ambapo mpiga picha wa kijarida alimsimamisha mhusika jua likiwa mgongoni kwake, kosa ni lake, si la Kodak wala la kiwanda cha karatasi.

Omar Said Bakor wa Lamu anatupa kipimo cha pili. Katika studio yake alikata na kuunganisha picha, akamweka mtu mahali ambapo hakuwahi kusimama. Alichukua upungufu wa chombo, yaani kutoweza kupiga picha ya kitu kisichokuwepo, akaufanya mwanzo wa ubunifu. Ukilinganisha na hayo, vijarida vingi vya mkusanyo wa Mgololo vinaonekana vyenye woga. Vinafuata mpango wa picha sita kwa ukurasa hata pale kisa kinapodai picha moja kubwa. Aidha, mhusika wa kike amepewa kazi mbili tu, kulia na kusaliti. Hakuna mkanda wala karatasi iliyomlazimisha mtunzi kufanya hivyo. Hizo ni kasoro za msanii, na zinapaswa kutajwa kwa jina lake.

8.0 Mkono wa Msomaji

Kizingiti cha mwisho ni kile kilichoachwa na wasomaji. Pambizoni mwa vijarida vya Mgololo kuna majina ya walioazima, kwa kalamu za rangi tofauti, na amri kama vile “usikunje” na “rudisha Jumamosi”. Katika ukurasa mmoja uso uliozama umechorwa upya kwa penseli: nyusi, pua, mdomo ulioinama. Mzee hakumbuki ni nani aliyechora. Msomaji huyo aliyasoma maneno ya huzuni, akatazama doa jeusi, akaona kuna deni, akalilipa.

Kwa mhakiki, penseli hiyo ni ushahidi wa upokezi wenye uzito. Inathibitisha kwamba wasomaji wa wakati ule waliuona upungufu wa picha, na kwamba waliyatumia maelezo ya mhariri kama maelekezo ya kuukamilisha. Nadharia iliyojengwa katika sehemu ya tano kwa kioo cha kukuzia ilikuwa imekwisha kutendwa na msomaji mmoja kwa penseli miaka mingi kabla.

Ushahidi huohuo unaleta suala la maadili. Majina ya pambizoni ni ya watu, na baadhi yao huenda bado wanaishi Mufindi. Wameandika kwa rafiki aliyewaazima, si kwa msomaji wa hifadhi iliyo wazi kwa dunia nzima. Kwa sababu hiyo, mtafiti ameyaeleza majina hayo bila kuyataja, na hakuambatisha nakala ya kurasa zenye majina. Pendekezo lake ni kwamba mradi wowote wa kuvihifadhi vijarida hivi kielektroniki upige picha ukurasa mzima pamoja na madoa na mikunjo yake, bila kuuongezea mwanga, lakini majina yafunikwe hadi ridhaa ya wenyewe au familia zao ipatikane.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mkanda na karatasi ni sehemu ya fani ya picha-hadithi. Ukakamavu wa wahusika umebainika kuwa kanuni ya utanzu, na maneno yanayodhaniwa kuwa uradidi yamebainika kuwa njia ya kuokoa maana iliyokuwa ikipotea mtamboni. Kwa upande mwingine, kulinganisha vijarida hivi na kazi za Zanzibar, Mbarara na Lamu kumeonesha kwamba mwanga uliopimwa vibaya, mpangilio usiothubutu na ufinyu wa wahusika wa kike ni makosa ya watunzi wenyewe. Mhakiki anayefanya kazi na nakala za kielektroniki peke yake hana njia ya kutofautisha makundi hayo mawili. Anahitaji kukishika kijarida, na ikiwezekana ashike kamera pia walau kwa mkanda mmoja.

Sanduku la Mgololo liko juu ya kabati, katika nyumba ambayo ukungu huingia kila asubuhi. Karatasi ya magazeti hugeuka njano na kukatika kwa asili yake, na unyevu huharakisha kazi hiyo. Mzee amekubali vijarida vyake vipigwe picha kwa masharti yaliyotajwa katika sehemu ya nane, na ameomba vyenyewe vibaki nyumbani kwake maadamu yu hai. Utafiti unaofuata unapaswa kuanza na ombi hilo.